Ngozi Laini kwa Kihispania

Jumatatu, 2 Machi

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu niwe mke wa mtu. Nimenunua daftari hili ili furaha hii isinipotee, maana najijua, nikiiacha kichwani tu itachanganyika na vyombo vya kuosha na nguo za kuanika.

Nafanya kazi pamoja na mume wangu. Mume wangu. Nimeliandika tena kwa sababu linaandikika vizuri. Tupo kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa lebo: za sabuni, za dawa, za biskuti, chochote kinachobandikwa kwenye kopo au chupa. Yeye ni mfasiri. Kiwanda cha sabuni, mteja wetu mkubwa, siku hizi kinauza mpaka kwa watu wanaosema Kihispania, na mtu pekee pale kwetu anayejua lugha hiyo ni yeye. Wanamwita Mhispania. Mimi wananiita Bibi Harusi, na sijachoka kuitika.

Kazi yangu ni kusoma prufu, yaani karatasi ya kwanza inayotolewa ili ikaguliwe. Naisoma kwa sauti, herufi moja moja, na mwenzangu anashika maandishi ya asili akifuata kwa kidole. Tukimaliza tunasaini wote wawili, ndipo mashine inawashwa. Kuna sheria ya zamani pale kwamba watu wa nyumba moja hawasaini prufu moja. Bosi ameivunja kwa ajili yetu. "Hiyo ndiyo zawadi yangu ya harusi," alisema. Sasa tunakaa meza moja, goti kwa goti.

Aliyekuwa akishika asili kwa miaka mingi ni Bi Miwani, mama mtu mzima mwenye kamba ya miwani shingoni. Amehamishiwa kwenye maboksi. Alinitazama juu ya vioo vyake akasema, "Hongera, mwanangu." Mtu aliyenyang'anywa kiti hasemi hongera taratibu namna ile. Nitamchunga.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua imeanza. Mume wangu amenifunika kwa koti lake mpaka mlangoni, yeye akalowa chapachapa.

Jumatatu, 9 Machi

Nataka kuandika jinsi anavyonisemesha. Tukiwa kituoni tunasubiri gari, alinisogelea sikioni akasema polepole: Agítese antes de usar. Nilisisimka hadi visigino. Nikamwuliza maana yake. Akafikiri kidogo, akasema, "Maana yake moyo wangu hautulii mpaka nikuone." Kuna jingine alilonipa siku aliponiposa: Consérvese en lugar fresco y seco. Hilo maana yake ni kwamba nitamkuta palepale siku zote. Nimemwomba aniandikie yote mawili kwa mkono wake, nimeyabandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Shida ni kwamba leo alinirudia lile la pili kazini, na Bi Miwani alikuwa nyuma yetu na boksi mkononi. Akapaliwa. Akakohoa mpaka machozi, akatoka nje. Nilipomtazama dirishani mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ana wivu yule. Mzee mzima.

Jumamosi, 14 Machi

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ametutembelea. Ni mcheshi, ila ucheshi wake una miba. Nilimsifu kaka yake, nikasema si kila mtu anaweza kukaa miaka miwili na mafundi wa Kihispania mpaka akashika lugha yao.

"Miaka miwili?" akasema. "Wale waliokuja kufunga mitambo?"

"Hao hao."

"Wifi, walikaa wiki mbili. Alikuwa anawabebea spana."

Akacheka, akaomba nimwongezee chai. Mume wangu alikuwa bafuni. Alipotoka sikumwuliza, ningemwulizaje kitu cha kipuuzi hivyo? Wifi ni wifi. Anataka nimdharau kaka yake ili yeye abaki mkubwa kwake. Nilimwongezea chai lakini sikumpa kikombe kizuri.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Nimemfulia shati la bluu. Leo siku ya pili, halijakauka.

Jumanne, 24 Machi

Siku njema kabisa. Imekuja barua kutoka kiwanda cha sabuni. Lebo ya sponji ya kuogea, ile ya mwezi uliopita, wanunuzi wameipenda. Kwenye asili ya Kiingereza palikuwa na neno moja tu la kusumbua, soft, na mume wangu aliandika esponja blanda, sponji laini. Bosi aliisoma barua mbele ya watu wote. Fundi Wino, anayeendesha mashine, akampigia makofi ya mikono miwili yenye wino.

"Mhispania, umetuheshimisha," akasema.

Bi Miwani alipiga makofi matatu tu. Nilihesabu.

Ijumaa, 27 Machi

Albamu ya sampuli imepotea. Ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Kila lebo iliyowahi kuchapwa pale kwetu imebandikwa humo nakala moja, hata zile za enzi za mfasiri wa zamani aliyestaafu. Mume wangu hupenda kuipitia kabla ya kuanza kazi. Huniambia ni kwa ajili ya kuangalia mpangilio wa herufi. Leo ameitafuta asubuhi nzima. Amefungua makabati, ameinama chini ya meza, amemgombeza mpaka mfagiaji, mume wangu ambaye hajawahi kumkwaza mtu. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi ile ya mvua.

Nilikwenda kuomba kalamu kwa Bi Miwani. Alipovuta droo niliona pembe ya jalada gumu. Akaisukuma ikafunga.

"Kalamu hamna huku, mwanangu."

Sasa nina uhakika. Yule mama anataka kumwangusha mume wangu ili arudi kwenye kiti chake. Sijamwambia mume wangu, ana presha ya kutosha. Hili nitalimaliza mwenyewe.

Jumanne, 31 Machi

Kazi kubwa imeingia: lebo tatu, sabuni, taulo na mafuta ya nywele, makumi ya maelfu kila moja, na zote zinatakiwa kabla mvua hazijaisha. Zote zina neno lile lile la Kiingereza. Sabuni inaacha ngozi soft. Taulo ni soft. Mafuta yanafanya nywele ziwe soft. Bosi akasema, "Neno hilo si tunalo tayari? Lilipendwa." Mume wangu akasema tunalo.

Akakaa, akaandika kwa dakika kumi. La piel blanda. Toalla blanda. Cabello blando. Niliona fahari kubwa kumtazama.

Lakini naandika hili kwa kuwa limenikaa. Lebo ya sponji ilikuwa na mistari michache zaidi, na ilimchukua siku nzima akiwa na albamu mapajani. Leo hana albamu, kazi ni mara tatu, na imekwisha kabla chai haijapoa. Kwa nini?

Alhamisi, 2 Aprili

Naandika haya yeye akiwa amelala.

Saa ya chakula Bi Miwani alitoka kwenda kununua dawa ya mafua. Nilivuta droo yake. Albamu ilikuwemo. Nilitaka nimpelekee mume wangu, aone nani adui yake. Lakini nilipoinua jalada nikakaa kwenye kiti cha yule mama, nikaanza kufungua kurasa, sijui kwa nini. Labda nilitaka kujua ana nini na kitabu hiki.

Ukurasa wa biskuti. Lebo ya miaka sita iliyopita, Kiswahili upande mmoja, Kihispania upande wa pili. Hifadhi mahali penye ubaridi na pakavu. Na kando yake: Consérvese en lugar fresco y seco.

Nililisoma herufi moja moja, kama prufu. C, o, n, s. Nikalisoma tena kutoka mwisho. Ni lile lile. Aliniposa kwa maneno ya kuhifadhi biskuti.

Nikafungua nyingine, na nyingine, sasa nikitafuta. Dawa ya kikohozi ya watoto. Tikisa kabla ya kutumia. Agítese antes de usar.

Bi Miwani alikuwa amesimama mbele yangu na kifuko cha dawa. Sikumsikia akiingia. Hakushtuka wala hakunigombeza.

"Umefika ukurasa wa ngapi?" akauliza.

"Wa kikohozi."

"Basi umefika."

Akavuta boksi tupu akakalia. Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema tangu lebo ya kwanza, maana yeye ndiye aliyezibandika zile sampuli, na kila sentensi ya mume wangu ilikuwa na mama yake humo ndani ya albamu. Neno la sponji lilikuwa limetolewa kwenye lebo ya mto wa kulalia.

"Kwa nini hukumwambia Bosi?"

"Nimwambie kwamba kijana anajitahidi? Mfasiri wa zamani naye alianza hivyo hivyo, ila yeye alisema kwamba hajui. Nikamwonyesha kamusi ilipo. Wako hasemi. Nimemfichia kitabu aje aniulize, nimwambie mwanangu, humu hamna kila kitu. Hajaja. Ameandika kutoka kichwani."

"Ulitucheka siku ile."

"Nilicheka, ndiyo. Mtu anamwambia mkewe akae mahali pakavu, na nje mvua. Ungecheka na wewe."

Nikamwuliza kama blanda ni kosa. Akasema Kihispania hakijui, yeye anajua herufi tu. "Lakini mtu akitumia ufunguo mmoja kwa milango mitatu," akasema, "mimi ningeujaribu kwanza."

Jioni mume wangu alinishika mkono kituoni akanisogelea sikioni. Nikamwambia nina mafua.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimesema naenda sokoni, nimekwenda maktaba. Kamusi ya Kihispania na Kiingereza ni nene kama tofali, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini mifano ilikuwa mingi nami nina subira ya msomaji wa herufi.

Neno moja la Kiingereza, wao wanalikata vipande. Blando ni kile kinachobonyea ukikibonyeza: mto, godoro, sponji, ndani ya mkate. Suave ni kile mkono unachofurahia ukipita juu yake: ngozi, taulo, nywele. Blando inageuka blanda ikifuata jina la kike, suave haigeuki kwa mume wala kwa mke, inaongeza s tu vitu vikiwa vingi. Kwetu sisi vyote ni laini, na laini moja inatutosha. Sponji aliipata. Ngozi ameikosa.

Mkutubi, dada mmoja mpole anayejua lugha hiyo kidogo, nilimwuliza piel blanda ingesikikaje. Akabonyeza shavu lake kwa kidole, akaliacha. "Kama ngozi iliyolegea," akasema. "Ya mgonjwa, au ya tunda lililoiva mno. Unaiandikia nini?"

"Sabuni," nikasema.

Akanitazama kwa huruma.

Jumapili, 5 Aprili

Leo nimekuwa mpelelezi nyumbani kwangu mwenyewe. Nimempikia vizuri, nimekaa karibu, nimemwuliza kwa sauti ya mahaba, "Ukitaka kusema shavu langu ni laini, utasemaje?"

"Blanda," akasema, akalibusu.

"Na shati lako likinyooshwa?"

"Blanda."

"Na sauti yangu?"

Akacheka. "Mke wangu, leo umeamka na Kihispania."

Nilimfungulia mlango hapo. Nilisema, "Kama kuna neno hulijui unaweza kuniambia, mimi ni mkeo." Akaniangalia muda mrefu kidogo. Nilidhani linakuja. Akasema, "Nilikaa nao miaka miwili," akanyanyuka kutafuta kijiti cha meno.

Nilikuwa nikimchunga Bi Miwani. Nilimnyima wifi kikombe kizuri. Na niliyetakiwa kumchunga nilikuwa namfulia shati.

Lakini nampenda. Hilo ndilo linaloniudhi, halikupungua hata kidogo.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua kubwa. Karatasi zimevuta unyevu zikavimba, rangi hazikai mahali pake. Fundi Wino amesema tuchape Ijumaa.

Ijumaa, 10 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Prufu ya sabuni ilikuja saa nne. Fundi Wino alikuwa ameshafunga bamba la kuchapia, mashine inanguruma taratibu, karatasi zimekauka. Mume wangu akashika asili. Mimi nikaanza.

"D, e, j, a. L, a. P, i, e, l."

Nikanyamaza.

"Endelea, mke wangu."

"Siendelei."

"B," akaninong'oneza, kana kwamba nimesahau herufi.

"Naiona ni b."

Akatabasamu, akanisukumia kalamu. "Saini tu. Umeshanisomea mara ngapi? Una wasiwasi gani na mimi?"

Nikachukua penseli badala ya kalamu, nikaandika pembeni suave, nikageuza karatasi aione. Rangi ya uso wake ilibadilika. Fundi Wino akapaza sauti kutoka kwenye mashine, "Shemeji, huyu mnyama ananguruma bure huku." Ndipo Bosi akatoka ofisini.

Akasoma prufu, akasoma penseli yangu. "Nini hiki?"

"Nimeangalia kwenye kamusi," nikasema. "Ngozi haitumii neno la sponji."

Bosi akamgeukia. "Nani anasimamia neno hili? Nikishachapa siwezi kufuta."

Mume wangu akajikohoza. Akasema kwa sauti yake nzuri, ile ile, bila kutetemeka, "Kamusi ni kamusi, Bosi. Kule nilikokaa na mafundi tulikuwa tunasema hivi hivi."

Bosi akashusha pumzi. Alitaka kuamini, nilimwona. Mwezi mzima amekuwa akimtambulisha kwa wateja. Akaokota kalamu akanipa mimi. "Basi saini, Bibi Harusi, tufanye kazi."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kusaini kulikuwa kunachukua sekunde mbili. Kiwanda kizima kilikuwa kinanitazama, na mume wangu alikuwa ananitazama kwa macho ya kituoni. Nikisaini, tutarudi nyumbani pamoja tukicheka, halafu baada ya miezi miwili barua itakuja, na atakayeitwa kujibu ni Bi Miwani kwa ajili ya maboksi, na Fundi Wino kwa ajili ya mashine, na sisi tutakuwa na maneno yetu ya uongo ya kujifichia.

Nikamwambia, mbele ya wote, "Mwambie Bosi yale maneno unayoniambia tukisubiri gari. Halafu umweleze maana yake."

Hakuna mtu aliyeelewa ila yeye, na Bi Miwani aliyekuwa kwenye maboksi. Nilimwona akiinamisha kichwa. Hakucheka safari hii.

Mume wangu alinitazama. Nilimfungia njia zote na alijua nimemfungia. Nilidhani atanichukia papo hapo. Akaweka asili mezani, akailaza vizuri, pembe kwa pembe.

"Bosi, mimi sijui Kihispania," akasema.

Fundi Wino akazima mashine.

Jumamosi, 11 Aprili

Hatujasemeshana.

Jumatano, 15 Aprili

Bosi hakumfukuza mume wangu. Ninavyosikia Bi Miwani alikwenda ofisini mara mbili. Bosi amemhamishia kwenye mashine ya kukatia lebo, chini ya Fundi Wino, na hakuna anayemwita Mhispania tena. Hawamwiti kitu. Kiwanda cha sabuni wameulizwa, wamejibu kwamba ni suave kwa zote tatu, na wametuletea mtu wao wa kufasiri. Bi Miwani amerudi kushika asili. Sheria ya nyumba moja imerudi pia.

Nilimwomba Bi Miwani msamaha kwa yote niliyomdhania.

"Ulinidhania nini?"

Nikamweleza.

"Na wivu pia?" akasema. "Kwa umri huu? Asante, mwanangu, umenipunguzia miaka." Kisha akaniambia nisome polepole, nameza herufi.

Jumatano, 22 Aprili

Leo kwa mara ya kwanza mume wangu amesema zaidi ya habari za chakula na mvua. "Ungeweza kuniambia nyumbani," akasema.

"Nilikuuliza nyumbani. Ukatafuta kijiti cha meno."

Akasema ni kweli. Alisema siku ya kwanza Bosi alipouliza nani anajua Kihispania, mimi nilikuwa nimesimama pale, mgeni kazini, na alinyoosha mkono ili nimwone.

Nilimwona. Lakini sasa kila anachosema nakigeuza kwanza kuona nyuma kuna nini. Juzi alisema amechelewa kwa sababu ya mvua, nikaangalia viatu vyake kama vimelowa. Vilikuwa vimelowa. Niliona aibu, na kesho yake nikaviangalia tena.

Jumapili, 3 Mei

Mvua zimekwisha. Tulikuwa tunakula mchana, dirisha wazi, akasema bila kuniangalia, "Mimi yangu yote umeyajua. Wewe hujawahi kuniambia kitu kisicho kweli?"

Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa limeshafika ulimini. Nimeandika humu ya Bi Miwani, ya wifi, ya kila mtu, na hili langu sikuliandika hata kwa mstari mmoja.

"Pazia alilotupa mama yako," nikasema. "Halikuibiwa kwenye kamba kama nilivyokuambia. Nililikunja wiki ile ya harusi nikalisukuma chini ya kabati. Sikulipenda."

Akaendelea kutafuna.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu. Nilikuwa natafuta kandambili."

"Ukanyamaza muda wote huo?"

"Nilikuwa nakungoja useme."

"Na nisingesema?"

"Ningeendelea kuwa na kandambili moja," akasema. "Ya pili iko ndani ya pazia."

Tukainuka wote wawili, tukaliinua kabati yeye upande huu mimi upande ule, tukalivuta pazia. Tulilikung'uta uani, vumbi likatuingia puani. Ni la rangi ya chungwa, lina ndege wa kijani wakubwa kama kuku, na pindo lake limeshonwa kwa uzi wa dhahabu. Mama mkwe anakuja wiki ijayo.

"Mimi naliona baya," nikasema.

Akalishika mbali na uso wake, akainamisha kichwa, akalitazama. Nami nilimtazama yeye, mdomo, macho, vidole, nione kama anatafuta jibu la kunifurahisha au la kumtetea mama yake. Alichukua muda wake.

"Baya sana," akasema, na nikamwamini.